Kuunganisha manispaa Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili. Kuna ndugu zetu waliohamia Ulaya, ambao siku moja wanapokea barua ya shule au ya kodi kutoka ofisi ya mji wasioujua, wakaambiwa manispaa yao haipo tena. Na kuna watu wa nyumbani, wengi wao watumishi wa halmashauri na wanafunzi wa utawala, wanaotaka kujua kama kuunganisha kweli kunaokoa fedha. Nimejaribu kuwajibu wote mahali pamoja. Mifano mingi ni ya Denmark, kwa sababu huko mabadiliko yalifanyika nchi nzima kwa siku moja na matokeo yake yamepimwa kwa makini kuliko kwingineko.

Manispaa ya Ulaya ni kitu gani hasa? Ni kama manispaa ya kwetu?

Hapana, na tofauti hii huwachanganya wengi. Tanzania manispaa ni hadhi: mji ukikua unapandishwa kuwa manispaa, kisha jiji. Ulaya manispaa ni ngazi ya chini ya serikali, iwe mji mkubwa au kijiji. Ufaransa kuna manispaa zenye wakazi chini ya 100, na kila moja ina meya wake na baraza lake.

Uzito wake nao hutofautiana sana. Manispaa ya kijiji cha Ufaransa hushughulika na mambo machache: shule ya msingi, barabara za ndani, makaburi, vibali vya ujenzi. Manispaa ya Denmark au Sweden (na ya Finland hadi 2022) hubeba sehemu kubwa ya serikali yenyewe: shule, malezi ya watoto wadogo, matunzo ya wazee, ustawi wa jamii, na inatoza kodi ya mapato kwa kiwango inachojipangia. Kwa hiyo ukisikia manispaa mbili zimeunganishwa, uliza kwanza zilikuwa zinafanya nini. Kuunganisha manispaa za Denmark kunagusa chakula cha mzee kitandani kwake. Kwa manispaa nyingi za Ufaransa kunagusa zaidi kiti cha meya.

Ni nchi zipi zimefanya hivyo?

Sweden ilianza mapema. Mwaka 1952 ilipunguza manispaa zake kutoka karibu 2,500 hadi 1,037, na kufikia 1974 zilibaki 278. (Leo ni 290, maana baadhi ziliachana baadaye.) Ubelgiji ilitoka 2,359 hadi 596 mwaka 1977. Ujerumani Magharibi ilifuta maelfu ya manispaa katika miaka ya 1960 na 1970. Ugiriki ilikata mara mbili, mara ya pili ikiwa Januari 2011, kutoka 1,034 hadi 325, wakati nchi imebanwa na madeni na wakopeshaji wamekaa mlangoni. Finland ilishuka kutoka 415 hadi 348 mwanzoni mwa 2009. Estonia ilitoka 213 hadi 79 mwaka 2017. Norway ilitoka 428 hadi 356 mwaka 2020.

Ufaransa ilijaribu mwaka 1971 na haikufika mbali. Hadi leo ina manispaa karibu 35,000.

Sababu wanazotoa ni zipi?

Tatu hurudiwa kila mahali. Ya kwanza, uwezo: kijiji chenye watu 1,500 hakiwezi kuajiri mhandisi, mwanasheria na mtaalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Ya pili, fedha: ofisi moja badala ya tano. Ya tatu, kupunguza tofauti kati ya manispaa tajiri na maskini zilizokaa jirani.

Ipo ya nne isiyosemwa sana. Serikali kuu ikitaka kushusha majukumu mapya chini, inahitaji manispaa zinazoweza kuyabeba. Denmark sababu hii ilikuwa na uzito mkubwa: mikoa ya zamani ilifutwa, na sehemu ya kazi zake zikapewa manispaa. Usipoijua sababu hii hutaelewa kwa nini watu waliendelea na mpango ingawa hesabu za akiba hazikuwa wazi.

Denmark walifanyaje?

Tume iliundwa mwaka 2002, ikatoa ripoti yake Januari 2004, na kufikia Juni mwaka huohuo makubaliano ya kisiasa yalikuwa tayari. Kwa mambo ya serikali, hiyo ni kasi ya ajabu. Mikoa 14 ikawa 5, manispaa 271 zikawa 98. Kila manispaa iliambiwa ama ifikishe wakazi 20,000 kwa kujiunga na jirani, ama iingie mkataba wa ushirikiano na jirani mkubwa. Mkataba huo uliviokoa visiwa vidogo. Ærø, chenye watu karibu elfu sita, bado kina manispaa yake hadi leo, ingawa miji yake miwili, Marstal na Ærøskøbing, iliungana mwaka 2006.

Serikali haikuchora ramani kwa lazima tangu mwanzo. Ilisema: chagueni wenyewe mtakayeungana naye, lakini chagueni. Ikawa msimu wa uchumba. Mameya walitembeleana, wakapima ukubwa wa deni la jirani na kiwango cha kodi yake kama wazazi wanaopeleleza familia kabla ya posa. Manispaa tajiri zilikwepa maskini. Pale waliposhindwa kuelewana, alitumwa mpatanishi, waziri wa zamani wa mambo ya ndani Thorkild Simonsen.

Uchaguzi ulifanyika Novemba 2005. Waliochaguliwa kwenye manispaa mpya hawakuanza kutawala mara moja: mwaka mzima wa 2006 walikaa kama kamati ya maandalizi huku mabaraza ya zamani yakiongezewa muda kumalizia kazi. Tarehe 1 Januari 2007 manispaa 239 hazikuwapo tena, mahali pake zikaja 66 mpya, na nyingine 32 hazikuguswa. Hizo 32 ni zawadi kwa watafiti, kwa sababu wanaweza kulinganisha walioungana na wasioungana, katika nchi ileile na miaka ileile.

Basi gharama zilipungua?

Jibu fupi: za ofisi ndiyo, za huduma kwa jumla hapana.

Mwaka 2016 watafiti Jens Blom-Hansen, Kurt Houlberg, Søren Serritzlew na Daniel Treisman walitoa matokeo yao baada ya kuangalia maeneo mbalimbali ya matumizi ya manispaa za Denmark. Katika baadhi gharama zilishuka, katika baadhi zilipanda, na katika mengi hapakuwa na badiliko la maana. Ukijumlisha, hakuna akiba ya kuringia. Uchunguzi wa Uholanzi uliofuatilia miungano ya miaka mingi nao haukukuta matumizi kwa jumla yakishuka.

Watu hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu akili ya kawaida inasema kikubwa ni rahisi. Lakini hebu tazama fedha ya manispaa inakwenda wapi. Shule yenye watoto 300 inahitaji walimu, jiko na paa. Ukiunganisha manispaa tano, shule bado ina watoto 300, walimu walewale na paa lilelile linalovuja. Gharama yake inategemea ukubwa wa shule yenyewe, na ukubwa wa manispaa inayoimiliki hauibadilishi. Muuguzi anayezunguka nyumba za wazee naye ni hivyohivyo: anaweza kuwahudumia wazee idadi fulani kwa siku, na hawezi kumwogesha mzee kwa haraka zaidi eti kwa sababu ofisi yake imehamia mji mkubwa.

Kinachopungua ni kile kinachohesabiwa kimojakimoja kwa kila manispaa: meya, mkurugenzi mtendaji, mkuu wa fedha, mfumo wa kompyuta wa mishahara, posho za madiwani. Hapo Denmark waliokoa kweli, na watafiti hawabishani juu ya hilo. Tatizo ni kwamba ofisi ni fungu dogo mbele ya shule na matunzo ya wazee.

Halafu kuna gharama zinazopanda kimyakimya. Manispaa A ilikuwa inatoa usafi wa nyumba kwa mzee kila wiki, manispaa B kila wiki mbili. Zikiungana haziwezi kuwa na wakazi wa daraja mbili. Na ni diwani gani atasimama kusema wote sasa ni wiki mbili? Huduma na mishahara huelekea kusawazishwa kwa kupanda. Nadhani hili ndilo jambo wapangaji hulisahau mara nyingi zaidi kuliko yote.

Nimesikia manispaa zilifuja fedha kabla ya kuungana. Ni kweli?

Ni kweli, na limeonekana Sweden, Denmark na Finland, kwa hiyo si tabia ya watu wa nchi moja.

Jiweke kwenye kiti cha meya wa manispaa yenye watu 4,000 itakayomezwa mwaka kesho katika manispaa ya watu 40,000. Una akiba benki, na wananchi wako wamedai ukumbi wa michezo kwa miaka kumi. Ukiitunza akiba hiyo, kesho inaingia kwenye mfuko wa watu 40,000, na wako watapata shilingi moja katika kila kumi. Ukiitumia leo, ukumbi unabaki kijijini. Ukikopa, utamu ni zaidi: deni litalipwa na wote, ukumbi ni wenu. Meya huyo hajaiba senti, na wapiga kura wake watamshukuru.

Björn Tyrefors Hinnerich aliangalia Sweden ya zama za miungano akakuta manispaa zilizokuwa zinakaribia kuunganishwa ziliongeza madeni, na tabia hiyo ilikuwa kali zaidi kadiri manispaa ilivyokuwa ndogo ndani ya muungano mpya. Finland, ambako miungano ilikuwa ya hiari, Tuukka Saarimaa na Janne Tukiainen walikuta mwelekeo huohuo. Denmark waliijua hatari wakaweka masharti kwenye miradi ya dakika za mwisho, lakini matumizi bado yalipanda.

Funzo la kiufundi liko wazi: usitangaze muungano leo kisha ukaacha miaka miwili bila breki kwenye mikopo.

Shule na huduma za karibu hufungwa?

Siku ya kuungana hakuna kinachofungwa. Kinachokuja kwanza ni ahadi kwamba kila kitu kitabaki. Kufunga huja baada ya miaka michache, baraza jipya linapoitazama ramani kwa macho ya mtu asiyezaliwa kijijini kwenu. Denmark wimbi la kufunga shule ndogo lilikuja karibu na 2010 na 2011, na vijiji kadhaa vilijibu kwa kuanzisha shule binafsi za wazazi kwenye majengo yaleyale.

Ni haki kusema pia kwamba nyingi ya shule hizo zilikuwa zinakosa watoto hata kabla. Muungano haukuwafanya vijana wahamie mjini. Ulichofanya ni kumwondoa mtu aliyekuwa na sababu ya kibinafsi ya kuchelewesha uamuzi, yaani diwani ambaye mjukuu wake alisoma pale.

Ofisi nazo husogea. Jumba la zamani la manispaa huuzwa au kupewa kazi nyingine, na mkazi anaambiwa mambo mengi sasa ni ya mtandaoni. Kwa kijana ni nafuu. Kwa mgeni anayejifunza lugha, ambaye alizoea kwenda na karatasi yake mkononi kwa mama yuleyule wa dirishani anayemwelewa, ni hasara ambayo haimo kwenye jedwali lolote la akiba.

Sauti ya mwananchi inapungua?

Kwa idadi, ndiyo. Madiwani wa Denmark walishuka kutoka zaidi ya 4,500 hadi karibu 2,500. Ndiyo kusema zamani ulikuwa na uwezekano mkubwa wa kumjua diwani mmoja kwa jina, kukutana naye dukani, na kumwambia kuhusu taa ya barabarani iliyozimika.

Waliojitokeza kupiga kura za mitaa walikuwa asilimia 69.5 mwaka 2005, wakashuka hadi 65.8 mwaka 2009, wakapanda hadi 71.9 mwaka 2013. Ukisimama 2009 utalia, ukisimama 2013 utashangilia. Kura peke yake haitoshi kuamua.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kile walichotumia David Dreyer Lassen na Søren Serritzlew mwaka 2011: mwananchi anajiona ana uwezo wa kuyaelewa mambo ya manispaa yake na kushiriki? Kwa waliounganishwa, hisia hiyo ilishuka waziwazi. Watu hawakuacha kupiga kura. Walianza kuona kwamba mambo ya baraza ni ya wataalamu. Hili linaniuma kuliko suala la fedha, maana manispaa ndipo mtu wa kawaida hujifunzia kujitawala.

Kwa nini jina huzua ugomvi mkubwa hivyo?

Kwa sababu jina ndilo linaloonyesha nani amemeza nani. Pwani ya magharibi ya Denmark manispaa tano ziliungana, na miji miwili iliyoshindana siku nyingi ikakataa kila mmoja kuitwa kwa jina la mwenzake. Ndipo ikazaliwa Ringkøbing-Skjern, majina mawili na kistari katikati. Egvad, Holmsland na Videbæk hazimo kwenye jina. Wanaoona hayo ni mambo ya kitoto wajaribu kupendekeza jina la mtaa wa jirani kwa ajili ya kijiji chao.

Watumishi hupoteza kazi?

Wa ngazi za juu hupoteza vyeo: wakurugenzi watano hawawezi kuongoza ofisi moja. Wa chini mara nyingi hulindwa. Finland sheria iliwakinga watumishi wasifukuzwe kwa miaka mitano baada ya muungano. Ni jambo jema kwao, na pia ni sababu mojawapo akiba iliyoahidiwa haikuonekana mapema.

Wananchi huulizwa?

Inategemea nchi. Estonia ilitoa muda wa hiari, kisha serikali ikawaunganisha waliobaki chini ya wakazi 5,000. Norway bunge liliamua baadhi kwa lazima mwaka 2017.

Mfano ninaoupenda ni Glarus, jimbo dogo la milimani Uswisi lenye watu karibu 40,000. Huko wananchi hukutana uwanjani mara moja kwa mwaka, kiongozi wa jimbo akiwa ameegemea upanga, na sheria hupitishwa kwa kuinua kadi juu. Mei 2006 serikali ilileta pendekezo la heshima: manispaa 25 ziwe 10. Mwananchi mmoja akapanda jukwaani akasema kumi bado ni nyingi, ziwe tatu. Kadi zikainuliwa, tatu zikashinda. Viongozi wenyewe walipigwa na butwaa. Wapinzani walipata nafasi ya pili, mkutano wa pekee ukaitwa Novemba 2007, na watu wakathibitisha uamuzi wao kwa wingi mkubwa zaidi. Tangu Januari 2011 kuna Glarus Nord, Glarus na Glarus Süd, basi.

Tunaambiwa kila mara kwamba mwananchi hawezi kukubali kijiji chake kifutwe. Pale uwanjani alikubali, kwa sababu aliyelileta ni jirani yake, na yeye mwenyewe alikuwa na kadi mkononi.

Mambo haya yanatuhusu Afrika Mashariki?

Yanatuhusu moja kwa moja. Rwanda mwaka 2006 ilipunguza wilaya zake kutoka 106 hadi 30. Kenya mwaka 2013 ilifuta halmashauri 175 na nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47. Burundi kwa sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini, yaani manispaa zao, kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa 2025 ukafanyika kwa ramani hiyo. Tanzania kwa miaka mingi imekwenda upande wa pili, wa kumega wilaya na mikoa ili ofisi iwe karibu.

Tahadhari moja kwa anayetaka kunakili: hoja ya Denmark kwamba huduma zihamie mtandaoni ilisimama juu ya barabara za lami, mabasi na umeme usiokatika. Mkulima wa Burundi ambaye komini yake imehamia kilomita nyingi zaidi analipa muungano kwa miguu yake.

Zikishaunganishwa zinaweza kutengana?

Zinaweza, lakini ni ghali. Ugiriki mwaka 2019 iligawa tena baadhi ya visiwa vilivyofanywa manispaa mojamoja, Corfu ikawa tatu, Lesvos mbili, na jumla ya nchi ikapanda kutoka 325 hadi 332. Milima na bahari vilikuwa vimewashinda walioichora ramani Athens.

Norway kuna Haram. Mwaka 2020 iliingizwa pamoja na nyingine tatu ndani ya Ålesund. Wakazi wengi hawakukubali, wakaendelea kudai, na tarehe 1 Januari 2024 Haram ilirudi kuwa manispaa, na Norway ikafika 357. Ndani ya miaka minne mifumo ya kompyuta, mikataba ya watumishi na mali viliunganishwa kisha vikagawanywa, na kila mara wataalamu walilipwa. Deni nalo lilibidi kugawanywa.